Fomu ya Maswali Manne

Bi Hawa Gwau alikufa akiwa na afya njema, kwa mujibu wa fomu yangu. Alhamisi mhudumu wa afya alimuuliza maswali manne: una homa, una uvimbe, una wekundu popote mwilini, una maumivu? Akajibu hapana mara nne, akacheka, akarudi kwenye mashine ya kukamua alizeti. Jumatatu asubuhi wenzake walimkuta kitandani ameshapoa. Bangili mkononi mwake ilikuwa bado inawaka kijani.

Ilikuwa inawaka kijani kwa sababu niliipanga mimi. Niliiagiza igeuke nyekundu joto la mwili likipita nyuzi thelathini na nane. Kuhusu joto kushuka sikuiagiza kitu.

Mwili uliletwa kwetu, Taasisi ya Chembe, kwenye yale majengo meupe yaliyobanwa kati ya mawe makubwa ya Singida. Nilisimama upande wa pili wa meza wakati Dokta Mkumbo, mtaalamu wetu wa maiti, akifungua tumbo. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na si jana wala juzi.

"Siku nne, pengine tano," akasema Mkumbo. "Huyu mama lazima alikuwa analia mpaka mtaa wa pili wanasikia."

"Alikuwa anakamua alizeti," nikamwambia.

Aliniangalia kama mtu anayetaniwa msibani. Kisha akanionyesha. Hapakuwa na usaha, hapakuwa na wekundu, utumbo umelala kwenye maji ya kijivu kama vile hakuna lililotokea. Vijidudu vilikuwa vimekula mwili wa Bi Hawa siku tano nzima, na mwili haukupiga hata kelele moja.

Mimi nilijua kwa nini haukupiga kelele. Kunyamazisha ndiyo kazi niliyosomea.

Niwaeleze kwa kifupi, maana bila hili hamtaielewa hasira yangu. Katika damu na nyama ya kila mtu kuna chembe nyeupe tunazoziita walaji. Wanakula vijidudu, wanakula chembe zilizokufa, na wanakula mafuta yaliyokwama kwenye kuta za mishipa. Mlaji akishiba mafuta kupita kiasi huchanganyikiwa. Anafungua jeni za vita, anaita wenzake, ukuta wa mshipa unawaka na kuvimba, halafu siku moja unapasuka na moyo unasimama. Hivyo ndivyo baba yangu alivyokufa shambani jembe likiwa mkononi, na wanaume wengine wanne wa ukoo wetu, hakuna aliyefika miaka hamsini.

Lakini ndani ya mlaji huyohuyo kuna protini moja, tunaiita mpokezi, ambayo kazi yake ni kuonja mafuta. Ikiyaonja inashuka kwenye jeni na kufanya mambo mawili kwa mkupuo. Inafungua jeni za kusukuma mafuta yatoke nje ya chembe, na inakaa mlangoni pa jeni za vita ili zisifunguke. Mafuta na moto vinaendeshwa na mkono mmoja. Kwa watu wengi mkono huo ni dhaifu, na sisi tuliutia nguvu. Tulichota uboho wa watu mia nne na kumi na wawili wa Unyasule, kijiji nilichozaliwa, tukahariri jeni ya mpokezi, tukawarudishia. Wao wenyewe wakaiita kufuli. Kufuli lilitakiwa kujifunga mlaji akimeza mafuta na kujifungua akishayamaliza.

Wiki arobaini na nane tulikusanya fomu. Hakuna aliyepata mshtuko wa moyo. Hakuna homa, hakuna uvimbe, hakuna wekundu, hakuna maumivu. Tulikata keki. Nilipigwa picha nimeshika rundo la fomu zenye hapana tupu, nikicheka meno yote nje.

Pale mezani kwa Mkumbo ndipo akili iliponijia, na nikaona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Niliwaziba watu hawa midomo, halafu kila Alhamisi nikawa nawauliza kama wana la kusema.

*

Mchana huohuo nilishuka kwenye chumba cha baridi. Nilikuwa nimekumbuka jambo.

Miezi minane nyuma nilifanya jaribio dogo ambalo hakuna aliyenituma. Kanuni za utafiti zilisema mgonjwa atakula kijiko kimoja cha mafuta kwa siku, na hesabu zetu zote zilijengwa juu ya kijiko hicho. Mimi ni mtoto wa kinu. Mama yangu amekamua alizeti Unyasule maisha yake yote, na kila adhuhuri wanawake wa kinu wanakula kile wanachokiita ugali wa mashine: tonge la moto linachovywa kwenye mafuta yanayotoka kinywani mwa mashine, yakiwa bado ya vuguvugu. Nimekula ugali wa mashine tangu nina meno mawili. Nilipokuwa naandika kanuni haukunijia kichwani hata kidogo, kwa sababu kwetu ule si mafuta, ule ni mchana umefika. Nilikuja kuukumbuka siku moja nikiwa nanawa mikono kazini.

Basi nikachukua walaji wenye kufuli, nikawalisha mafuta kila siku, kama wanawake wa kinu. Baada ya wiki sita kufuli lilikataa kufunguka. Juu ya jeni za vita palikuwa pamejipanga mihuri ya kikemia, mmoja juu ya mwingine, na hata nilipowanyima mafuta mihuri haikutoka. Niliwatia vijidudu, wakavitazama tu.

Nilimpelekea Mwalimu. Namwita Mwalimu, ingawa dunia inamwita Profesa Yakobo Kiula, kwa sababu alinifundisha tangu sijui kushika mrija wa maabara. Mwaka baba alipofariki niliishi nyumbani kwake, nikala sahani moja na wanawe. Nilifunga sahani zangu za chembe kwenye sanduku namba sita nikampa ayarudie majaribio mwenyewe, maana jaribio la mtu mmoja si jaribio. Baada ya wiki mbili akaniandikia: "Nimerudia yote. Kufuli linafunguka vizuri. Ulikosea joto la kabati. Usijilaumu, binti yangu, sote tulikosea tukiwa wachanga." Nilijilaumu kweli. Nililia chooni, kisha nikarudi kazini nikiwa na bidii mara mbili.

Sanduku namba sita lilikuwa rafu ya chini kabisa, limejaa barafu. Nikalifuta kwa kiganja.

Kuna tabia moja ambayo Mwalimu huwafundisha wanafunzi wake wote siku ya kwanza. Ukifunga sanduku, bandika plasta juu ya mfuniko, halafu weka saini yako ikiwa nusu kwenye plasta na nusu kwenye sanduku. Mtu akifungua, saini inakatika, na haiwezi kuunganika tena. Alikuwa akisema tusimwamini mtu yeyote, hata yeye.

Plasta ilikuwa nzima, na saini yangu ilikuwa nzima vilevile.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya baridi, sanduku mapajani. Nilisikia hasira, lakini kabla ya hasira nilisikia upumbavu. Miezi minane nilikuwa nimemshukuru mtu huyu kwa kunisahihisha kosa ambalo sikulifanya.

*

"Shikamoo Mwalimu," nikamwambia Jumanne asubuhi, kwa sababu mdomo umezoea. Nikaliweka sanduku mezani kwake.

"Marahaba." Aliiangalia plasta muda mrefu. Hakujifanya kushangaa, hilo namhesabia. "Kaa, Zamda."

"Nitasimama. Ulijua?"

"Nilikuamini. Ndiyo maana sikurudia." Akavua miwani. "Nilijua uko sahihi mara tu niliposoma. Wewe hukosei joto la kabati."

"Na Bi Hawa?"

"Hawa ni wa tatu."

Sikuelewa. Ikabidi arudie. Mzee mmoja mwezi wa tatu, jino lililooza likapita mpaka kwenye ubongo. Kijana mmoja mwezi wa tano, mwiba. Wote wawili vifo vyao viliandikwa kuwa havihusiani na utafiti, kwa ushahidi wa fomu: hakuna homa, hakuna uvimbe, hakuna maumivu. Fomu yangu ndiyo iliyowazika.

"Ijumaa taarifa inakwenda wizarani," akasema, sauti yake ileile ya darasani. "Ikipita, kufuli linaingia nchi nzima. Unajua ni baba wangapi wanaanguka mashambani kila mwaka? Ikikwama sasa, itakwama miaka ishirini. Toleo la pili nimeshalirekebisha, halishikwi na mihuri. Lakini hakuna atakayetupa nafasi ya toleo la pili kama la kwanza litaitwa la mauaji."

"Kwa hiyo hawa mia nne?"

"Si wote. Ni wale wanaokula mafuta kila siku. Kinu, watu sitini hivi."

"Mama yangu yuko kinuni."

"Najua." Akafungua friji ndogo nyuma yake, akatoa kichupa, akakiweka kando ya sanduku langu. Nilikitambua. Tulikuwa tunakiita ufunguo: molekuli inayofuta mihuri. Tulitengeneza vichupa kumi na viwili tu, na kila kimoja kilituchukua mwezi. "Nimekuwa nikimwekea tangu ulipoleta sanduku. Mpe leo. Moyo wake unaweza kushtuka jeni za vita zikifunguka ghafla, wewe mwenyewe unajua mishipa yake ilivyo, kwa hiyo mpe aspirini kwanza, alale. Halafu Ijumaa tutasaini wote wawili."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikisukuma kile kichupa. Ningependa kuwaambia nilimtukana. Nilimwona mama yangu amelala kwenye meza ya Mkumbo, nikakichukua. Nikakifunga kwenye leso, nikatoka bila kuaga, na nilijua kwamba kwake kutoka bila kusema kitu ni sawa na kusema ndiyo.

*

Nilifika Unyasule adhuhuri, wakati wa ugali wa mashine. Kinu kilikuwa kimenyamaza, wanawake wamekaa juu ya magunia ya mashudu, sinia katikati. Walinipokea kwa shangwe ndogo, huyu akinisogezea kigoda, huyu akinipa pole ya msiba. Bangili zao zote zilikuwa kijani. Mama alikuwa pembeni anamimina mafuta kwenye madebe, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekuja siku ya kazi. Kuna nini?"

"Nimekuja kukuona."

"Haya, nione."

Alikwenda ndani ya stoo kuchukua debe jingine, nami nikamfuata. Kwenye sakafu ya saruji niliona alama za unyevu, nyeusi, zikifuata mguu wake wa kushoto tu.

"Mama, hebu vua hiyo kandambili."

Akavua, akiguna. Chini ya unyayo palikuwa na kidonda kirefu, kingo zake nyeupe, ndani cheusi. Kilikuwa kinanuka. Kipande cha bati kilikuwa bado kimo, nikakitoa kwa vidole, na mama akanitazama nikifanya hivyo kama mtu anayetazama viatu vyake vikipigwa rangi.

"Kumbe kuna kitu," akasema. "Sikusikia."

Nikatoa kichupa kwenye leso, na sindano. "Lala hapo kwenye magunia. Nakuchoma dawa kidogo."

"Dawa ya nini?"

"Ya kidonda."

"Hawa mlimpa?"

"Bi Hawa hatukumuwahi."

"Na hawa wengine?" Akaelekeza kidevu nje, kwenye vicheko vya wenzake. Mimi nikawa nashughulika na sindano. "Zamda. Niangalie. Nimekuzaa, nakujua ukinyamaza hivi. Hivi ndivyo ulivyonyamaza ulipovunja chungu cha bibi yako."

Basi nikamwambia. Nilimwambia lote, hata lile la keki, hata kwamba kichupa ni kimoja na kimetoka mkononi mwa nani na kwa makubaliano gani. Nilitumaini atanishika mkono. Nilitumaini atamlaani Mwalimu, tumlaani pamoja.

Mama alijifuta mafuta kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Nilipita nyumba kwa nyumba," akasema. "Hawa alikataa mara mbili. Aliogopa ile sindano yenu ya kuchota uboho. Nikamwambia, Hawa, aliyeitengeneza ni Zamda, yule uliyembeba mgongoni mimi nilipokuwa mgonjwa. Zamda anaweza kuniletea mimi kitu kibaya? Akaja. Hakuja kwa ajili ya profesa wako. Alikuja kwa jina lako, na kwa mdomo wangu."

"Mama, na mimi nilidanganywa."

"Jana ulidanganywa. Leo je? Umeingia hapo nje, umewasalimia wote, umekaa kwenye kigoda chao, na kwenye leso una kichupa kimoja."

Nikakirudisha kichupa kwenye leso.

Alivaa kandambili yake juu ya kidonda, akatoka nje akichechemea bila kujua kwamba anachechemea, akachukua nondo na kuligonga rimu la lori lililotundikwa mlangoni. Rimu lile hugongwa kuanza kazi na kumaliza kazi, na hakuna aliyewahi kulisikia adhuhuri. Wanawake wakainuka na matonge mikononi.

"Zamda ana neno," mama akasema. Kisha akaenda kukaa nyuma kabisa, mbali na mimi.

*

Kusema mbele ya wanawake sitini na mmoja waliokuona ukitambaa si sawa na kusema mbele ya wataalamu. Nilisema vibaya. Nilianza na jeni, mtu mmoja akauliza jeni ndiyo nini, nikaacha. Nikawaambia: nimewafunga mwili usilie, na sasa mtu anaweza kuoza huku anacheka. Hapo wakaelewa wote. Bi Tatu Mwiru, mdogo wake marehemu Bi Hawa, alilitema tonge lake chini taratibu na kulifunika kwa mchanga kwa mguu.

Nilimpigia simu Nesi Elipendo pale taasisi. Yeye ndiye anayeshika funguo za akiba za friji ya vichupa.

"Leta vichupa vyote kumi na kimoja, na antibiotiki, na mashine ya kupimia moyo."

"Profesa kasema?"

"Nasema mimi."

"Fomu ya Bi Hawa ya Alhamisi niliipokea mwenyewe," akasema. "Nakuja."

Antibiotiki peke yake haitoshi, ndiyo balaa ya kufuli. Dawa huvidhoofisha vijidudu, lakini wa kuvimaliza ni mlaji, na mlaji wetu alikuwa amelala. Ilibidi tujue nani anahitaji ufunguo kabla ya wengine, na hatukuwa na homa ya kutuonyesha, wala uvimbe, wala mtu wa kusema panauma hapa. Tulibaki na macho tu. Nikaomba karai, maji ya moto, sabuni. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya kinu na kuanza kuosha miguu.

Niliosha miguu sitini kasoro michache mchana ule, na Elipendo alipofika akaosha iliyobaki. Tulitazama kati ya vidole, tukatazama mikono, midomo, fizi, nyuma ya masikio. Tulikuta kucha iliyong'oka na mwenyewe hajui. Tulikuta titi la mzazi lenye donge gumu na baridi. Binti mmoja alikuwa ameungua na mvuke kuanzia kiwiko mpaka bega, amevaa blauzi ya mikono mirefu na kuendelea na kazi. Wengine walinipa miguu yao bila kunitazama. Bi Tatu alinitazama muda wote, mpaka maji yakapoa.

Zamu ya mama ilipofika nikasogeza karai. Akavuta mguu wake nyuma.

"Mimi ataniosha Elipendo," akasema.

Elipendo akanitazama. Nikasogea.

Waliohitaji ufunguo haraka walikuwa kumi na mmoja, mama akiwamo. Niliwaeleza hatari yake mmoja mmoja, safari hii bila hesabu za kijiko na bila tabasamu: kufuli likifunguka, moto wote uliozuiwa kwenye mishipa yenye mafuta unaweza kuwaka kwa pamoja. Usipochomwa, kidonda kitakuua. Ukichomwa, moyo unaweza kukuua. Walijadiliana wao wenyewe, nami nikaambiwa ningoje nje. Hakuna aliyekataa. Wale wengine hamsini waliacha mafuta siku hiyohiyo na kukubali kukaguliwa asubuhi na jioni, na vijana wenye pikipiki wakapelekwa kwa waliobaki wa utafiti, kila mmoja na ujumbe uleule: tazama mwili wako, usiusikilize.

Jumatano asubuhi Elipendo alichoma sindano kumi na moja, kichupa kimoja tukakiweka akiba. Bi Tatu, aliyekuwa na kidonda cha tumbo la uzazi tulichokigundua kwa harufu, moyo ulimsimama saa nne. Tulimkandamiza kifua dakika arobaini, hakurudi. Alikuwa amenitazama sana jana yake, na nadhani alikuwa anataka kuniuliza kitu.

Mchana huo Mwalimu aliniandikia mara moja tu. "Binti yangu, umenisaliti." Nilisoma nikiwa nimekaa kwenye gunia la mashudu, mikono inanuka sabuni, na nikacheka peke yangu mpaka Elipendo akaja kuona kama nimerukwa na akili. Nikampelekea picha niliyopiga kule chumba cha baridi, ya sanduku namba sita lenye plasta yake, na picha hiyohiyo nikaituma wizarani pamoja na majina matatu, kisha nikaongeza la nne, la Bi Tatu. Niliandika pia kwamba fomu ni yangu.

*

Alhamisi ni siku ya fomu. Mhudumu wa afya alikuja kama kawaida na karatasi zake, hakujua afanye nini, nikamwambia anipe moja.

Mama alikuwa amelala nyumbani kwake, kwenye kitanda cha kamba, dirisha wazi. Waya wa mashine ya moyo ulikuwa umepita chini ya khanga. Moyo wake ulikuwa umeruka mapigo mara mbili usiku na kurudi, Elipendo aliniambia. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Sasa aliniruhusu, au hakuwa na nguvu ya kukataa. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho. Bangili mkononi ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kwanza katika utafiti wote, na mguu wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka goti, ngozi imevutika, imeiva kama nyanya. Walaji walikuwa wameamka. Niliuangalia ule mguu mbaya nikasikia machozi ya furaha yakinipanda, nikayameza, kwa sababu sikuwa na haki nayo pale.

Nikakaa kwenye kigoda. Sikujua pa kuanzia, basi nikaanza na nilichonacho mkononi.

"Una homa?"

"Ninayo."

Nikaweka alama kwenye ndiyo. Kalamu ilisita, haijazoea upande ule.

"Una uvimbe?"

"Si unauona."

"Una wekundu?"

"Zamda, uliza umalize."

"Una maumivu?"

Aligeuza kichwa kwenye mto na kunitazama usoni, mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Ninayo," akasema. "Makali."

"Wapi?"

"Mguuni," akasema mama yangu. "Mguuni pia."